Kofia za Chuma za Vita Kuu ya Pili: Uchague M1 ya Marekani, M40 ya Ujerumani au Mk II ya Uingereza?

Anayetaka kununua kofia ya chuma ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa mara ya kwanza huulizwa na wauzaji swali moja tu, kwamba anaitaka ya jeshi lipi, ilhali yapo maswali mawili yanayopaswa kutangulia, nayo hayafanani kabisa. La kwanza ni kama kofia yenyewe ni halisi, yaani ilitengenezwa miaka ile, na sehemu zake zimekaa pamoja tangu wakati huo. La pili ni kama ilifika vitani, ikavaliwa na nani, na wapi. Swali la kwanza hujibiwa na chuma, rangi, ngozi na uzi, na mtu mwenye subira anaweza kulimaliza mezani kwake. Swali la pili kwa kawaida halijibiwi na kofia hata kidogo, bali na karatasi, na hapo ndipo fedha nyingi za wakusanyaji hupotea. Kofia tatu ninazozilinganisha hapa ndizo zinazopatikana kwa wingi sokoni, na kila moja hulijibu swali la kwanza kwa namna yake.

Nianze na chapa za kiwandani, kwa kuwa ndizo zinazotazamwa kwanza na ndizo zinazoeleweka vibaya zaidi. Kofia ya Marekani aina ya M1, iliyoidhinishwa mwaka 1941 na kutengenezwa kwa zaidi ya milioni 20 hadi vita vilipokwisha, ilitoka katika viwanda viwili tu: McCord ya Detroit, iliyotengeneza sehemu kubwa mno, na Schlueter ya St. Louis. Ndani ya ganda, upande wa mbele karibu na ukingo, pamegongwa tarakimu chache ambazo mara nyingi hufuatwa na herufi moja, na ganda la Schlueter huongezewa herufi S. Namba hiyo ni ya fungu la chuma lililotumika, si namba ya askari, na muuzaji anayekuambia kwamba kwa namba hiyo mvaaji anaweza kutafutwa ama hajui anachokiuza ama anakudanganya. Faida yake ni nyingine. Namba zilipanda kadiri vita vilivyoendelea, kwa hiyo zinaweza kupimwa dhidi ya umbo la sehemu nyingine za kofia. Kiungio cha ukingo, yaani mahali ncha mbili za utepe wa chuma unaozunguka ganda zinapokutana, kilikuwa mbele hadi karibu na mwisho wa mwaka 1944, kisha kikahamishiwa nyuma. Vishikizo vya ukanda wa kidevu vilichomelewa moja kwa moja, visicheze, hadi mwaka 1943, na baadaye vikawekewa bawaba kwa sababu vile vya awali vilikuwa vikikatika. Ganda lenye namba ndogo, vishikizo visivyocheza na kiungio cha mbele halijipingi. Lenye namba ndogo na kiungio cha nyuma linahitaji maelezo kabla hujatoa pesa.

M40 ya Ujerumani hubeba chapa mbili. Ubavuni, ndani ya sehemu inayofunika sikio la kushoto, kuna herufi za kiwanda na saizi ya ganda, kwa mfano ET64 au Q66, na nyuma, juu ya shingo, kuna namba ya fungu. ET ni Thale, Q ni Quist ya Esslingen, NS ni Schwerte, EF ni Fulda, na SE ni Lauter. Baadaye Thale ikaandika ckl na Lauter hkp. Saizi ya ganda si saizi ya kichwa: ganda la 66 huingia bitana ya kichwa cha 58 au 59, na mkanda wa chuma unaoshikilia ile ngozi ya ndani hugongwa namba zote mbili. Ukikuta mkanda ulioandikwa 64 ndani ya ganda la 66, bitana hiyo haikuzaliwa na kofia hiyo. Ni vizuri pia kujua kwamba wauzaji huzichanganya M35, M40 na M42, ingawa kuzitofautisha ni kazi ya dakika moja. M35 ina matundu ya hewa yaliyowekewa kipete kilichotengenezwa peke yake, M40 ina matundu yaliyokandamizwa kutoka kwenye chuma chenyewe cha ganda, na M42, iliyoanza kutolewa mwaka 1942 ili kupunguza kazi kiwandani, haina ukingo uliokunjwa bali imeachwa na makali yaliyopinda nje kidogo.

Mk II ya Uingereza, ile ya umbo la sahani iliyochukua nafasi ya kofia ya Brodie ya vita vya kwanza, ina chapa ya kiwanda na mara nyingi mwaka, vikiwa vimegongwa chini ya ukingo: BMB kwa Briggs Motor Bodies, HBH kwa Harrison Brothers and Howson, JSS kwa Joseph Sankey and Sons, na wengineo. Hapa mnunuzi anaonyeshwa mwaka waziwazi, jambo ambalo M1 na M40 hazimpi. Lakini Mk II ina mtego wake, nao ni matundu. Maganda ambayo chuma chake hakikufikia kiwango cha kusimamisha risasi au vipande vya kombora hayakutupwa, bali yalitobolewa matundu madogo ukingoni, mawili, matatu au manne, yakagawiwa raia waliokuwa wakilinda miji dhidi ya mabomu. Kofia hizo ni halisi kabisa na zilikuwa vitani kwa maana yake, kwani London na Coventry zilishambuliwa kweli, lakini si kofia za askari wa mstari wa mbele, na anayekuuzia moja kwa jina hilo amekosea. Kwa upande mwingine, kofia za Mk II zilizotengenezwa Afrika Kusini na Transvaal Steel Pressing Syndicate zina matundu matatu yaliyopangwa pamoja nyuma ya ukingo, ya kufungia kitambaa cha kukinga shingo na jua, na hizo zilikuwa za jeshi. Watu wengi wamezikataa kofia nzuri za Transvaal wakidhani ni za ulinzi wa raia, na wengine wamelipia za ulinzi wa raia wakidhani ni za Transvaal. Ukiona matundu, tazama yako wapi, kisha utafute alama ya mali ya serikali: Afrika Kusini iliweka mshale ndani ya herufi U, na Kanada ndani ya herufi C.

Kipimo cha pili ni sumaku, na hakigharimu chochote. M1 na Mk II zote mbili zilitengenezwa kwa chuma cha Hadfield, yaani chuma kilichochanganywa na manganisi nyingi, ambacho tabia yake ni kutoshika sumaku au kuishika kwa udhaifu sana. Ganda la Kijerumani lilikuwa la mchanganyiko mwingine, nalo hushika sumaku sawasawa. Kwa hiyo ukipitisha sumaku ndogo kwenye ganda linalodaiwa kuwa M1 ya mwaka 1943 na ikang'ang'ania kila mahali, uwezekano mkubwa ni kwamba umeshika mojawapo ya kofia zilizotengenezwa Ulaya baada ya vita kwa kuiga M1, ambazo kwa mbali hazitofautiani nayo. Ukingo usikupotoshe, kwa maana utepe wa ukingo unaweza kuwa wa chuma tofauti na ganda. Jaribu katikati ya utosi. Chuma cha Hadfield kina dalili nyingine ambayo mimi huifurahia ninapoikuta: M1 nyingi za miaka ya mwanzo zina nyufa nyembamba zinazoanza ukingoni, zilizotokana na mkazo uliobaki ndani ya chuma baada ya kukandamizwa. Mgeni huona kasoro, ila kwangu ufa wa namna hiyo, ukiwa na kutu ya zamani ndani yake, ni ushahidi bora kuliko cheti chochote ambacho muuzaji amejiandikia.

Kwenye rangi, tofauti kati ya kofia hizi tatu ni kubwa kuliko mahali pengine pote. Rangi ya M1 wakati wa vita ilichanganywa na unga wa koki, lile gome laini linalozibia chupa, ili isiakisi mwanga. Baada ya vita unga huo ukabadilishwa kwa mchanga. Ukipitisha ncha ya kidole utahisi kwamba rangi ya koki ni ya mikwaruzo laini na mara nyingi imesuguka ikawa tambarare mahali pa kushikwa, ilhali ya mchanga hubaki na ukali. M1 iliendelea kutumika Korea na Vietnam hadi ikastaafishwa miaka ya 1980, na maganda mengi ya wakati wa vita yalipakwa rangi upya na kuwekewa ukanda mpya. Ganda la namna hiyo si bandia. Limeendelea na kazi tu, na ukiliheshimu kwa hilo utalinunua kwa bei ya haki, mradi usilipie hali ya mwaka 1944 ambayo limeshaipoteza. Mk II nayo ina rangi ya kukwaruza, ya kijani, kahawia au rangi ya mchanga wa jangwani kulingana na mahali ilipopelekwa, na kwa kuwa haibebi nembo zinazopandisha bei kwa kiasi kikubwa, waghushi hawana sababu kubwa ya kuhangaika nayo.

M40 ni habari nyingine. Thamani yake sokoni haiko kwenye chuma bali kwenye nembo ya kubandikwa yenye ukubwa wa kidole gumba na nusu, na kitu kidogo kama hicho kinapobeba sehemu kubwa ya bei, lazima wapatikane watu wa kukitengeneza. Tarehe husaidia. Ngao ya rangi tatu za taifa, iliyokaa upande wa kulia, iliamriwa kuondolewa mwezi Machi 1940, na tai wa jeshi la nchi kavu, upande wa kushoto, akaamriwa kuachwa mwezi Agosti 1943. M40 ya jeshi la nchi kavu yenye nembo zote mbili inapaswa kutiliwa shaka tangu mwanzo, na M42 yenye zote mbili zaidi. Nembo za SS, yaani jeshi la chama cha Nazi, ndizo zinazoghushiwa kuliko zote, na ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba asiziguse kabisa.

Hili sikulijua kwa kusoma. Miaka kadhaa iliyopita niliagiza kutoka ng'ambo M40 yenye tai mmoja, iliyokuja na maelezo mazuri kwamba ilikutwa kwenye ghala la mkulima Normandy. Ganda lilikuwa halisi, chapa ilikuwa sahihi, bitana ililingana na saizi. Nilipoiweka chini ya kioo cha sonara, na taa ikiwa imelazwa ubavuni ili ipige rangi kwa mlalo, niliona mkwaruzo mrefu wa kutu ukishuka kutoka kwenye tundu la hewa, ukifika kwenye bawa la tai, ukipita chini yake na kutokea upande wa pili, na bawa lenyewe halikuwa na hata alama ya kucha. Chuma kilikuwa kimekwaruzwa na kushika kutu kabla tai hajabandikwa. Nilikaa na kile kioo kwa muda mrefu nikitafuta maelezo mengine, nikayakosa. Ganda lilikuwa na miaka yake yote, lakini nembo niliyoilipia ilikuwa na miaka michache tu. Muuzaji hakujibu barua zangu. Tangu siku hiyo sitazami nembo kabla ya kutazama mikwaruzo inayoizunguka, na namshauri kila anayenunua kofia ya Kijerumani aombe picha zilizopigwa kwa mwanga wa ubavuni. Asiyetaka kuzipiga, aachiwe kofia yake. Nembo ya kweli huzeeka pamoja na rangi iliyo chini yake, huvunjika pale rangi inapovunjika, na chini ya kioo huwa na mtandao wa nyufa ndogo kama tope lililokauka.

Kuna hatari ya pili kwa M40, nayo ni nchi zilizozitumia baada ya vita. Norwei ilirithi kofia nyingi zilizoachwa na Wajerumani, ikazipaka rangi upya na kuzibadilishia bitana, na leo hizo ndizo zinazovuliwa rangi na kurudishwa Ujerumani, kwa maana ya kubandikwa tai. Tazama ribiti tatu zinazoshikilia bitana: vichwa vyake vilipakwa rangi wakati mmoja na ganda au kabla ya kuvaliwa, na zikishawahi kunyooshwa miguu na kukunjwa tena, chuma hubaki na alama ya kukunjwa mara mbili na rangi huchanika kuzunguka kichwa.

Kuhusu bitana za nyingine mbili sitachelewa. Ile ya Mk II imeshikwa na skrubu moja tu utosini, kwa hiyo ilibadilishwa mara kwa mara hata wakati wa vita, na mwaka wa bitana kutofautiana na mwaka wa ganda kwa mwaka mmoja au miwili si kosa. Bitana ya M1 ni kofia kamili inayoingia ndani ya ganda, na ya wakati wa vita ina tundu dogo mbele la kuwekea beji ya cheo. Zile za kwanza kabisa, za kampuni ya Hawley, zilikuwa za karatasi ngumu iliyofunikwa kitambaa, na kwa kuwa hazikuvumilia unyevu zimebaki chache. Za plastiki zilidumu kiasi kwamba mwaka 1956, Umoja wa Mataifa ulipohitaji haraka kofia za kuwatambulisha askari wake wa kulinda amani Misri, bitana za Kimarekani zilizokuwa zimerundikana Ulaya zilipuliziwa rangi ya buluu, na huo ndio mwanzo wa kofia za buluu ambazo Kongo ilikuja kuziona kuanzia mwaka 1960.

Sasa swali la pili, la nani aliivaa. Hapa M1 ina nafasi nzuri kuliko wenzake, kwa sababu askari wa Marekani walizoea kuandika kwenye vifaa vyao herufi ya kwanza ya jina la ukoo na tarakimu nne za mwisho za namba ya jeshi. Hifadhi ya taifa ya Marekani imeweka wazi mtandaoni kumbukumbu za uandikishaji za askari wapatao milioni 9, na kwa herufi na tarakimu hizo unaweza kupata orodha fupi ya majina. Orodha hiyo si jibu, ni mwanzo wa kazi, na kazi yenyewe ina ukuta mbele yake: moto wa tarehe 12 Julai 1973 uliteketeza huko St. Louis majalada ya askari kati ya milioni 16 na 18, ikiwemo takribani asilimia 80 ya yale ya jeshi la nchi kavu ya waliotoka jeshini kati ya mwaka 1912 na 1960. Alama zilizochorwa nje, kama vile maumbo ya karata (moyo, shupaza, uru au pau) ya kikosi cha miamvuli cha 101 cha Marekani, zilikuwepo kweli, na ndiyo sababu zinachorwa mpaka leo. Kofia za Kijerumani wakati mwingine zina jina ndani ya ngozi au nyuma ya ganda, na kumbukumbu za askari wao sasa ziko chini ya Bundesarchiv, hifadhi ya taifa ya Ujerumani, Berlin. Ila nakusihi usinunue zile zilizofukuliwa ardhini, hasa kutoka upande wa mashariki, kwa sababu ardhi ile ina watu ambao hawajazikwa, na kofia iliyochukuliwa pale huenda ndiyo kitu pekee kilichokuwa kikionyesha mahali mtu alipolala.

Mk II mara nyingi haina jina wala namba. Hata hivyo, kwa msomaji wa Afrika Mashariki ndiyo ninayoipendekeza, si kwa sababu ya urahisi wa bei tu, bali kwa sababu ndiyo yenye uwezekano wa kukutwa mahali ilipotumika, mikononi mwa watu wanaoijua. Anayetaka kujifunza kusoma chapa na kufuatilia jina, anunue M1 ya McCord yenye kiungio cha mbele. Anayetaka M40, aichukue isiyo na nembo yoyote, kwa bei ya ganda.

Kofia niliyoitazama kwa karibu kuliko zote si yangu. Niliikuta Gilgil, mji ambao majeshi ya Afrika Kusini yalipiga kambi mwaka 1940 kabla ya kuelekea Uhabeshi, imelala kifudifudi juu ya paa la banda la kuku ili kuzuia bati lisipeperuke. Ilikuwa na matundu matatu nyuma, bitana imekwisha, rangi imebaki kwenye mfereji wa ukingo peke yake. Nilimuuliza mama mwenye boma ilitoka wapi. "Ni ya baba mkwe wangu," akasema. "Alirudi nayo kutoka Bama. Alikuwa akisema ilimwokoa, lakini hakusema ilimwokoa na nini."

Askari wa King's African Rifles, kikosi cha Waingereza cha Afrika Mashariki, na wenzao wa divisheni ya 11 walipigana kweli Burma, wakashuka bonde la Kabaw wakati wa mvua za mwaka 1944, lakini picha nyingi za wakati ule zinawaonyesha wamevaa kofia za kitambaa kizito zenye ukingo mpana, na ganda la Transvaal lingeweza pia kuokotwa palepale Gilgil bila kuvuka bahari. Nishani haisaidii, kwa kuwa zile nyota za vita vya pili za Uingereza, tofauti na za Afrika Kusini, hazikuchorwa majina. Nilimwomba kama kuna karatasi yoyote, akaniletea kutoka kwenye sanduku la bati hati ya mzee ya kuachishwa jeshi, yenye jina lake, na ikisema alihudumu katika kikosi cha uchukuzi cha jeshi la Afrika Mashariki, sehemu za ng'ambo zikiwa zimeandikwa kwa mkono: India na Burma.

Hati haiitaji kofia, na kofia haina jina la mzee. Sikutaja bei. Niliandika kwenye kadi maneno ya mama kama alivyoyasema, tarehe niliyoyasikia, mahali matundu matatu yalipo na mahali kofia ilipokutwa, nikamsomea, akaniongezea jina la mzee na la kijiji alichozaliwa, kisha kadi, hati na kofia vikaingia pamoja kwenye lile sanduku la bati.